Mshale Unakwenda Kwingine, Saiti Inalaumiwa

Mzee mmoja wa Machame aliniletea upinde wake umefungwa kwenye shuka kama mtoto mgonjwa anayewahishwa hospitali. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku anafungua fundo. "Marahaba, marahaba. Fundi, saiti hii imekufa. Nimeishusha mpaka imegota na bado mshale unapiga chini."

Kweli ilikuwa imegota. Kichwa cha saiti, kile kifaa cha kulengea chenye pini, kilikuwa kwenye ncha kabisa ya reli yake, hakuna hata milimita ya kushuka iliyobaki. Nikamwomba aweke mshale, aelekee kwenye gunia la shabaha, avute taratibu na asifyatue. Yeye akivuta, mimi niliinama ubavuni nikitazama resti, kile kikalio cha mshale. Ilinyanyuka nusu, ikasimama hapo. Kamba inayoivuta ilikuwa imeteleza kwenye kebo, kiasi cha upana wa kidole gumba.

"Kwa hiyo wiki mbili zote nimezungusha skrubu bure?"

"Bure kabisa, mzee wangu."

Wengi wanaofika kwenye meza yangu hapa Njiro, Arusha, huja na shitaka hilohilo. Saiti ndiyo iliyo mbele ya jicho, na ina skrubu nyingi zinazokaribisha mkono, kwa hiyo ndiyo inayoshikwa kwanza. Lakini saiti haiupeleki mshale popote. Kazi yake ni kukuonyesha mshale utaangukia wapi, kwa sharti kwamba mshale unatoka kwenye upinde kwa namna ileile kila mara. Anayehakikisha sharti hilo ni resti, akisaidiwa na mkono wako. Ndiyo maana mimi huanza na resti, kisha mkono, saiti ikawa ya mwisho.

Tuelewane majina kwanza, maana kila fundi ana yake. Upinde ninaouzungumzia ni ule wa kompaundi, wenye magurudumu ya kamu kwenye ncha na kebo zinazopishana katikati. Aina hii ilibuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, akapata hataza yake mwaka 1969. Kiunzi ni ule mwili wa alumini unaoushika. Fito ni vile vipande viwili vinavyopinda, cha juu na cha chini. Resti ni kikalio cha mshale. Kichungulio ni kitundu kilichofungwa ndani ya uzi, unachopitishia jicho kuangalia pini za saiti. Noki ni kile kipande cha nyuma ya mshale kinachouma uzi. Kigumba kila mtu anakijua.

Mambo mawili kabla ya kushika alenki, ule ufunguo wa skrubu. Upinde wa kompaundi haufyatuliwi bila mshale hata siku moja, hata kwa mzaha. Nguvu iliyokosa mshale wa kuibeba hurudi kwenye fito na kamu, na nimeshaona ufito umepasuka urefu wake wote kwa sababu shemeji wa mtu alitaka kusikia mlio tu. La pili, kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwa na upinde mzuri hakukupi ruhusa. Yote ninayoeleza hapa hufanyika kwenye shabaha. Shabaha yangu ni gunia lililoshindiliwa matambara ya mitumba niliyonunua soko la Memorial, Moshi, na nyuma yake kuna ukingo wa udongo unaonizidi kimo.

Mishale inatawanyika: huu juu, huu kushoto, huu haujulikani

Usiguse saiti. Saiti iliyokosewa kurekebishwa huipeleka mishale yote mahali pamoja pasipotakiwa, haiitawanyi. Mishale ikitawanyika kuna kitu kinachobadilika kila unapofyatua.

Shika kila kitu kwa vidole ukitikise: resti, reli ya saiti, kichwa cha saiti, pini moja moja, hata podo lililofungwa ubavuni. Barabara zetu za vumbi hulegeza skrubu kuliko kupiga mishale elfu moja. Upinde uliotoka mjini mpaka ng'ambo ya Kisongo ukiwa nyuma ya pikapu hufika umelegea mahali fulani, nami huwa napaka alama kwa rangi ya kucha: mstari mwembamba unaopita juu ya kichwa cha skrubu ukaingia kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Chupa moja ya rangi nyekundu nimekaa nayo zaidi ya mwaka, na inanisaidia kuliko vifaa vingine vya bei mbaya nilivyowahi kuagiza.

Ikiwa hakuna kilicholegea, tazama manyoya ya mshale. Mengi siku hizi ni ya plastiki, na yakigusa resti wakati mshale unatoka hukupa mtawanyiko huu huu usio na mpangilio. Chukua lipstiki (ya mwenye nyumba, kwa ruhusa yake), paka ukingo wa manyoya yote matatu, piga mshale mmoja, kisha kagua resti na kebo. Ukikuta rangi umempata mhalifu. Unaweza kuzungusha noki kidogo ili unyoya upite penye nafasi. Resti ikiwa ni ya kuanguka, ile inayonyanyuka ukivuta na kulala mshale unapotoka, basi inachelewa kuanguka, na hilo nalieleza hapa chini.

Sababu ya tatu watu hawapendi kuisikia: mkono. Upinde unaokabwa kama jembe husokotwa kidogo, na msokoto unabadilika kadiri unavyochoka. Mpe mtu mwingine mwenye urefu wa kuvuta unaokaribiana na wako apige mishale mitano. Mishale yake ikikaa pamoja, kwenye upinde hakuna cha kutengeneza. Legeza vidole, upinde ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vinne vining'inie tu. Nimewahi kupokea upinde uliobadilishwa resti mara tatu kwa tatizo lililokuwa la kiganja.

Jana ilipiga katikati, leo yote inapiga chini

Hapa ndipo alipokuwa mzee wa Machame. Resti za kuanguka ziko za namna mbili, na kila moja huharibika kwa njia yake.

Ya kwanza huvutwa na kebo. Kamba yake imefungwa kwenye kebo inayoshuka unapovuta, na kushuka huko ndiko kunakoinyanyua resti. Kamba ikiteleza, hata kidogo, resti haifiki juu. Mshale unakaa umeinamisha pua, mkia uko juu, na ukitoka mkia unagonga kinachobaki njiani. Matokeo yake mishale inashuka na haitulii. Ya pili imefungwa kwenye ufito. Hii imegeuzwa: upinde ukiwa umetulia, kamba ndiyo inayoilaza resti, ukivuta, fito zinapinda, kamba inalegea, na springi inainyanyua. Kamba ya namna hii ikikatika, resti inabaki imesimama muda wote. Bado utapiga, tena huenda usigundue kwa siku nzima, ila manyoya yatakuwa yanaigonga kila mara.

Kupima ni rahisi. Simama umbali wa hatua chache kutoka kwenye gunia, vuta polepole, mwenzako atazame. Resti ya kebo inatakiwa kufika juu kabisa katika sentimita chache za mwisho za kuvuta. Ikifika mapema mno inakaza kamba na kuilazimisha kuteleza. Isipofika kabisa, mmeshaona. Kuona inavyoanguka hakuwezekani kwa macho, lakini simu yenye uwezo wa kurekodi video ya mwendo wa polepole inatosha: iweke pembeni ya upinde, kamwe si mbele, rekodi, kisha tazama kama resti imeshalala manyoya yanapopita.

Ukifunga kamba upya, funga fundo, kisha choma ncha kwa kiberiti mpaka iwe kifundo kigumu. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye kebo, pale kamba ilipoanzia. Nilimfanyia mzee hivyo. Baada ya hapo tukaanza kuirudisha saiti juu, milimita kwa milimita, na aliona haya kidogo tulipofika karibu na pale ilipokuwa kabla hajaigusa.

Resti ikiwa nzima na bado mishale yote imeshuka, kagua uzi. Uzi mpya hurefuka kwenye mishale mia ya mwanzo au zaidi, na kichungulio hupanda au kushuka na kugeuka upande. Joto nalo halisaidii. Upinde ulioachwa ndani ya gari lililofungwa vioo, mchana wa Februari, stendi ya Moshi, si upinde uleule uliouweka asubuhi. Wapo wanaoniambia tatizo ni hewa, kwamba Arusha iko juu kuliko Moshi kwa mita 500 hivi na hewa yake ni nyepesi. Ni kweli ni nyepesi. Lakini kwa shabaha ya mita 40 tofauti hiyo huwezi kuiona kwa jicho, ilhali kichungulio kilichosogea milimita 1 utakiona papo hapo.

Kwa nini? Piga hesabu. Kutoka jichoni mpaka kwenye pini ni kama sentimita 85. Ukiisogeza pini milimita 1, kwenye shabaha ya mita 20 umeusogeza mshale karibu sentimita 2.4, na kwenye mita 40 karibu sentimita 4.7. Anayezungusha skrubu ya saiti kama anayefungua bomba la maji ajue hivyo.

Mita 20 safi kabisa, mita 40 inakwenda kushoto

Hili ndilo tatizo ninalolipenda, kwa kuwa mishale yenyewe inakuchorea jibu.

Ning'iniza timazi mbele ya gunia: kamba ndefu yenye jiwe mwishoni, kama ya fundi mwashi. Tumia pini moja tu, ile ya mita 20. Piga mshale kutoka mita 20 ukilenga sehemu ya juu ya kamba. Rudi mita 30, lenga palepale kwa pini ileile. Rudi mita 40, fanya vilevile. Mishale itashuka, ni lazima ishuke. Unachoangalia ni kama inashuka ikiifuata kamba au inaikimbia. Ikiwa imejipanga kwa mshazari, kila unaofuata ukiwa kushoto zaidi ya uliotangulia, resti haiko kwenye mstari wa katikati. Mshale unatoka kwa pembe, na saiti uliyoirekebisha kwa mita 20 imeificha pembe hiyo kwa umbali huo mmoja tu. Mbele ya hapo inafichuka.

Dawa: mishale ikikimbilia kushoto, sogeza resti kulia kidogo sana, nusu milimita au chini yake. Rekebisha saiti kwa mita 20 upya, halafu rudia safari ya mita 30 na 40. Itakuchukua saa nzima, na mchana upepo wa Kisongo ukianza utajidanganya, kwa hiyo ifanye asubuhi.

Pa kuanzia ni wapi? Kwa pinde nyingi, kutoka ukuta wa kiunzi mpaka katikati ya mshale ni kama milimita 20 au 21. Kwa kimo, mshale upite usawa wa katikati ya tundu la resti, na ukae pembe mraba na uzi, au mkia uwe juu kwa milimita moja mbili. Hapo ni mahali pa kuanzia tu. Upinde wako ndio utakaokuambia pa kuishia.

Kuna kisababishi kingine kinachofanana na hiki: saiti iliyopinda. Ile pimamaji ndani ya saiti, kichupa cha maji chenye povu, ipo kwa sababu. Ukiinamisha upinde upande mmoja, mshale unafuata upande huo, na umbali ukizidi kosa linazidi. Kuna watu wamepiga miaka miwili bila kuitazama hata mara moja. Na wapo wanaoitazama kwa uaminifu huku yenyewe imefungwa upande. Funga upinde kwenye jiliwa, kwa kitambaa ili usiukwaruze, weka uzi wake wima kwa timazi, kisha soma pimamaji. Povu lisipokaa katikati, legeza skrubu ya kichwa cha saiti uliweke sawa.

Tambarare sawa, mteremkoni hapana

Wenzetu wa Moshi, hasa wanaokaa Machame, Kibosho na kupanda juu kule, hukutana na hili mapema kuliko sisi. Lina sura mbili.

Mshale ukipita juu ya shabaha, uwe umeelekea juu au chini ya mlima, umepima umbali wa macho badala ya umbali wa tambarare. Mvuto wa dunia unahesabu ule wa tambarare tu. Shabaha iliyo mita 40 kwenye mteremko wa nyuzi 30 inapigwa kama iko mita 35 hivi. Saiti haina kosa, resti haina kosa.

Mshale ukikimbia pembeni kwenye mteremko na huku tambarare unapiga katikati, kichwa cha saiti hakiko mraba na kiunzi: kimegeuka kama mlango uliofunguliwa kidogo. Upinde ukiwa wima hili halionekani. Ukiinamisha, pimamaji inaanza kusema uongo, nawe unaufuata. Rudi kwenye jiliwa, ning'iniza timazi mbele yake, linganisha pini na kamba ya timazi, kisha inamisha upinde kama anayelenga bondeni huku pini zikibaki kwenye kamba. Povu likihama, rekebisha. Saiti za bei ya chini hazina skrubu ya kurekebishia hilo kabisa. Kama unapiga kwenye miteremko, hicho ndicho kitu cha kuulizia kabla ya kulipa, kabla ya rangi na kabla ya idadi ya pini.

Kigumba cha mazoezi kinapiga hapa, cha kuwindia kinapiga pale

Kigumba cha kuwindia kina mabapa, na mabapa ni mabawa. Mshale unaotoka umekaa vibaya kidogo, wenye kigumba cha mazoezi utasahihishwa na manyoya yake kabla hujafika. Ukiuwekea mabapa mbele, mbele kunashindana na nyuma, na kosa lililokuwa limejificha linatoka nje. Watu hununua saiti ya pili kwa ajili ya vigumba vya kuwindia. Usinunue.

Piga karatasi kwanza. Tandaza gazeti kwenye fremu ya mbao, simama kama mita 2, gunia liwe nyuma yake, piga mshale wa mazoezi. Tundu safi lenye alama tatu za manyoya ni jibu zuri. Karatasi ikichanika kwenda juu, yaani mkia ulipita juu ya pua, nyanyua resti kidogo au shusha mahali noki inapokaa kwenye uzi. Isipobadilika hata ukinyanyua, rudi kwenye lipstiki: mkia unagonga kitu. Mchaniko wa pembeni nautibu kwa kusogeza resti robo milimita na kupiga tena. Ukiongezeka, narudi upande wa pili. Mchaniko wa pembeni usiosikia dawa yoyote mara nyingi ni mshale usiolingana na nguvu ya upinde, umekuwa laini au mgumu kupita kiasi, na hapo unahitaji mishale mingine.

Karatasi ikiwa safi, piga vigumba vyote viwili kwenye gunia, mita 20, kisha 30. Sogeza resti ili kundi la vigumba vya kuwindia lifuate kundi la mazoezi. Vya kuwindia vikipiga kushoto, resti iende kulia. Vikipiga chini, resti ipande. Kidogo kidogo. Saiti inaguswa baada ya makundi hayo mawili kuoana, na hapo kanuni yake ni fupi: fuata mshale. Ukipiga kushoto, saiti iende kushoto. Ukipiga chini, saiti ishuke.

Pini inawaka kama nyota, au haionekani kabisa

Pini za kisasa zina uzi wa plastiki unaokusanya mwanga. Saa sita mchana pini inaweza kung'aa mpaka ikaifunika shabaha. Viringishia selotepu nyeusi sehemu ya uzi huo na mwanga utapungua. Asubuhi na jioni ni kinyume chake. Pini ya nusu milimita inakuonyesha shabaha vizuri ila hufifia mapema; ya milimita 0.7 inaonekana muda mrefu zaidi lakini inafunika eneo kubwa. Kichungulio nacho kinahusika. Tundu la milimita 4.8 ni kali kwa shabaha, la milimita 6.4 linapitisha mwanga zaidi chini ya miti. Chagua tundu ambalo duara lake linaoana na duara la saiti unapovuta mpaka mwisho, kimoja ndani ya kingine bila mwezi mwembamba upande wowote. Ukiuona mwezi huo, kichwa chako hakijakaa palepale, na mshale utakwenda upande.

Ikiwa pini inatoa miale hata kwenye kivuli, na wenzako hawaioni miale hiyo, kapime macho. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilibadilisha saiti mbili kabla ya kwenda kupimwa.

Skrubu haishiki, na bolti ya dukani "inaingia"

Taratibu hapa, maana hasara ya hapa haina marejesho. Tundu la resti kwenye kiunzi lina meno ya kipimo cha inchi, 5/16 yenye meno 24 kwa inchi. Bolti ya milimita 8 ya duka la vifaa ina unene karibu uleule, ndiyo maana mzunguko wa kwanza inaingia kwa upole. Lakini meno yake yako mbalimbali zaidi. Mzunguko wa pili inakaza, unadhani imeshika, unaongeza nguvu, na chuma kinakula alumini. Matundu mawili ya saiti yana mtego huohuo: ni ya kipimo cha inchi namba 10 yenye meno 24, na bolti ya milimita 5 inayafanana. Kijana mmoja aliniletea kiunzi kilichoharibiwa hivyo, unga wa alumini bado uko kwenye tundu. Bolti yenyewe ilikuwa ya shilingi mia kadhaa. Ukipoteza bolti ya asili, agiza ya inchi, hata kama itachukua mwezi.

Skrubu inayolegea mara kwa mara, ipake tone la gundi ya nati, ile ya bluu inayofunguka kwa alenki. Ile nyekundu iache kwa mafundi wa magari.

Basi ninunue ipi?

Swali hili huja mwishoni na hela huwa imeshapangwa: saiti ya gharama, resti ya bakshishi. Mimi naigeuza. Ukiwa na fedha ya kimoja tu kizuri, kiwe resti.

Kwa mtu anayeanza, na kwa anayebeba upinde vichakani, resti ya brashi inatosha na zaidi. Ni duara la nywele ngumu linalozunguka mshale, mshale hauanguki hata ukiupindua upinde. Haina kamba, springi wala kitu cha kuteleza. Kasoro zake ni kwamba inapunguza kasi kidogo, inakunja manyoya taratibu, na vumbi la huku hujaa ndani ya nywele. Ioshe, ikaushe, na nywele za chini zikianza kulala ibadilishe, kwa sababu mshale utakuwa umeshuka nazo. Anayepiga mbali na mwenye subira ya kukagua kamba kila wiki achukue ya kuanguka. Kati ya mbili zile, mimi hupendelea ya ufito, kwa kuwa haina nafasi nyingi ya kukosewa muda wake. Resti ya ncha mbili za chuma ni nzuri ya mazoezini, ila mshale hudondoka ukitembea, na chuma kikigusa mshale wa kaboni hulia. Ibandike kitambaa laini chenye gundi.

Saiti: pini tatu zisizohama, za mita 20, 30 na 40, zinamtosha mtu wa kawaida. Pini saba ni msitu, na kwenye haraka utatumia isiyo yako. Pini moja inayoteleza ni safi sana machoni, ila inakutaka upime umbali na uzungushe gurudumu kabla ya kulenga, jambo ambalo gunia linalisubiri na swala halisubiri. Hapo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, mkoa wetu huuhuu, wanatucheka: hawana pini hata moja, wanajisogeza karibu.

Kabla ya kuagiza, andika haya kwenye karatasi. Unavuta kwa mkono upi, kwa sababu resti ya mkono wa kushoto haigeuzwi kwa maombi. Kiunzi chako kina matundu mawili ya saiti ya kawaida au reli tu. Saiti ina skrubu ya kurekebisha pimamaji au haina. Na kama resti ni ya kuanguka, agiza na kamba ya akiba, mita moja, uikunje uiweke kwenye mfuko wa podo pamoja na kiberiti na ile chupa ya rangi ya kucha.